Hoki ya Barafu katika Chuo Kikuu cha Alaska Anchorage: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Bajeti na Miezi Isiyo na Mechi

Maswali yafuatayo yanahusu timu moja tu, Seawolves wa Chuo Kikuu cha Alaska Anchorage, ambayo ilifutwa mwaka 2020 na kurejeshwa mwaka 2021. Timu nyingine mbili tatu zimetajwa pale ambapo mkasa wao unasaidia kueleza wa Anchorage.

Hoki inayozungumziwa hapa ni ipi?

Ni hoki ya barafu, si mpira wa magongo wa uwanjani ambao wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaufahamu. Kila upande huwa na wachezaji sita uwanjani, kipa akiwa mmoja wao, na wote huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma wakigombea kisahani cha mpira mgumu. Mchezo huu si mgeni kabisa kwetu, kwani jijini Nairobi timu ya Ice Lions imekuwa ikifanya mazoezi katika uwanja mdogo wa barafu ulio ndani ya hoteli ya Panari, kwenye Barabara ya Mombasa. Yeyote aliyewahi kujiuliza hoteli hiyo inalipa umeme kiasi gani atayaelewa upesi mengi ya yanayofuata.

Kwa nini chuo cha Daraja la Pili kinacheza hoki ya Daraja la Kwanza?

NCAA, chombo kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo nchini Marekani, imevigawa vyuo wanachama katika madaraja matatu, na Anchorage kwa michezo yake mingine iko Daraja la Pili. Hoki, hata hivyo, haijawa na ubingwa wa kitaifa wa Daraja la Pili tangu mwaka 1999, na vyuo kadhaa vya daraja hilo, vikiwemo Ferris State, Lake Superior State, Michigan Tech na Bemidji State, vina timu za hoki peke yake katika Daraja la Kwanza. Heshima ya kucheza na wakubwa hupatikana, lakini mfuko unabaki ule ule wa Daraja la Pili. Kocha wa Anchorage anamwania kijana yule yule anayewaniwa na Michigan au Minnesota, vyuo ambavyo mpira wao wa miguu wa Kimarekani hujaza viwanja vya makumi ya maelfu ya watu na kulipia michezo mingine yote.

Msimu huanza na kuisha lini, na wachezaji hufanya nini mechi zikisha?

Mechi huanza mwanzoni mwa Oktoba, na kwa timu nyingi huisha mwezi Machi. Ubingwa wa kitaifa huamuliwa Aprili. Wakati wa msimu kanuni za NCAA huruhusu saa 20 kwa wiki za mazoezi na shughuli zinazosimamiwa na makocha. Msimu ukisha, saa hizo hushuka hadi 8, na nyingi kati yake huishia kwenye chumba cha vyuma badala ya barafuni. Kiangazi kikifika wachezaji hutawanyika. Wengi wao si watoto waliotoka sekondari jana, kwa sababu katika mchezo huu ni jambo la kawaida kijana kukaa miaka miwili mitatu katika ligi za vijana za Marekani na Kanada na kuingia mwaka wa kwanza wa chuo akiwa na umri wa miaka 20 au 21. Hurudi kwao, hutafuta kibarua, na hulipia wenyewe saa za barafu katika viwanja vya mitaani ili miguu isisahau.

Kwa makocha miezi hiyo si mapumziko hata kidogo. Dirisha la usajili likifunguliwa, mchezaji bora wa timu ndogo anaweza kuhamia timu kubwa bila kukaa nje msimu mzima kama ilivyokuwa zamani, na kocha aliyeanza Aprili akiwa na kikosi kamili anaweza kuifikia Mei akiwa anatafuta mabeki watatu. Ratiba nayo inapangwa wakati huo huo, na katika timu isiyo na ligi, kama itakavyoelezwa, ratiba ni kazi ya kubisha hodi mlango hadi mlango.

Kwa nini habari za kufutwa kwa timu hutoka karibu kila mara kiangazi?

Tazama tarehe. Chuo Kikuu cha Alabama kilichopo Huntsville kilitangaza kuifuta timu yake mwezi Mei 2020, na kilipoisimamisha kwa mara ya pili ilikuwa Mei 2021. Chuo Kikuu cha Robert Morris, karibu na Pittsburgh, kilifuta timu zake mbili, ya wanaume na ya wanawake, mwezi Mei 2021. Tangazo la Anchorage lilitoka Agosti 2020. Hakuna hata moja kati ya timu hizi iliyofutwa mwezi Januari, watazamaji wakiwa wamekaa vitini.

Sababu ya kwanza ni ya kihasibu, kwani mwaka wa fedha wa vyuo vingi hufungwa tarehe 30 Juni, na mwezi Mei ndipo wakuu wa idara wanapoambiwa pengo ni la kiasi gani. Sababu ya pili husemwa mara chache: Mei mitihani imekwisha, mabweni ni matupu, na hakuna wa kuandamana. Mwandishi wa majibu haya hadai kwamba kila chuo huchagua tarehe kwa hila, lakini kwa mchezaji anayepewa taarifa hiyo mwezi Mei au Agosti, wakati timu nyingine zimeshajaza nafasi zao, tofauti kati ya hila na bahati mbaya haimsaidii kitu.

Ilikuwaje timu ya Anchorage ikafutwa?

Mzizi wake uko kwenye mafuta. Serikali ya jimbo la Alaska imeyategemea mapato ya mafuta kwa miongo mingi, na bei ya mafuta ilipoporomoka mwaka 2014 hazina ya jimbo ilianza kuyumba. Jimbo hilo pia lina mfuko wa kudumu ambao kila mwaka humlipa karibu kila mkazi gawio lake, na Mike Dunleavy alichaguliwa kuwa gavana mwaka 2018 akiahidi gawio nono. Fedha za gawio na fedha za huduma za umma hutoka katika kapu moja. Juni 2019 Dunleavy alitumia mamlaka yake ya kufuta vifungu vya bajeti na kuondoa takriban dola milioni 130 katika ruzuku ya mfumo mzima wa Chuo Kikuu cha Alaska, na wabunge wakashindwa kupata kura za kutengua uamuzi huo. Agosti mwaka huo yalifikiwa maafikiano ya kupunguza dola milioni 70 kwa kipindi cha miaka mitatu. Yalikuwa nafuu, lakini nafuu ya aliyeangukiwa na mti badala ya nyumba.

Ugonjwa wa UVIKO-19 ukaja juu ya hayo. Tarehe 19 Agosti 2020 mkuu wa chuo wa wakati huo, Cathy Sandeen, alitangaza pendekezo la kufuta hoki ya wanaume, jimnastiki ya wanawake na mchezo wa skii, kwa matarajio ya kuokoa takriban dola milioni 2.5 kwa mwaka. Septemba bodi inayosimamia chuo kikuu iliridhia, ila iliacha mlango wazi kidogo: timu itakayochangisha gharama zake za miaka miwili itarejeshwa. Kwa hoki hesabu hiyo ilikuwa dola milioni 3. Timu ilipaswa kucheza msimu mmoja wa mwisho, lakini msimu huo nao haukuchezwa kwa sababu ya ugonjwa, hivyo waliokuwa wamepanga kuja kuaga hawakupata hata mechi ya kuagia.

Dola milioni 1.5 kwa mwaka huenda wapi hasa?

Huenda angani, kwanza kabisa. Kutoka Anchorage hadi Seattle, jiji kubwa la karibu katika majimbo mengine ya Marekani, ni zaidi ya kilomita 2,000, na Seattle kwenyewe hakuna timu ya Daraja la Kwanza ya kucheza nayo. Huko ni mahali pa kubadili ndege tu kuelekea Michigan, Minnesota au Massachusetts. Jirani pekee ni Fairbanks, umbali wa kilomita zipatazo 580 kwa barabara, ambako kuna timu ndugu ya Nanooks inayowania na Seawolves Kombe la Gavana. Safari moja ya ugenini huchukua watu wapatao 30, na kila mchezaji ana begi la vifaa. La kipa ni balaa peke yake, kwa sababu ngao zake za miguu haziingii katika begi la mtu mwingine yeyote. Kuna pia mafungu marefu ya magongo, mashine ya kunolea viatu, na hoteli kwa siku kadhaa, kwa kuwa mechi huchezwa mbili mbili, Ijumaa na Jumamosi, na hakuna anayeruka kwa muda wa saa nane ili kucheza jioni moja.

Magongo yenyewe yanastahili sentensi yake. Gongo la kisasa halitengenezwi kwa mbao bali kwa nyuzi za kaboni, bei yake dukani hufika dola 300, na huvunjika ghafla, mara nyingi katika shuti ambalo mchezaji alilipiga kwa nguvu zake zote.

Kisha kuna barafu. Chini ya uwanja hupita mabomba yenye maji ya chumvi yaliyopozwa chini ya nyuzi sifuri, ndani ya zege. Mafundi hunyunyiza maji tabaka moja jembamba, husubiri ligande, hunyunyiza jingine. Baadaye hupaka rangi nyeupe, kwa sababu barafu tupu huonyesha zege lililo chini na kisahani cheusi hakionekani vizuri. Halafu huchora mistari myekundu na ya samawati na kufunika yote kwa matabaka mengine hadi barafu ifike unene wa sentimita 3 hivi. Anayefikiri kwamba Alaska hupata barafu ya bure anasahau kwamba uwanja una paa, una watu wanaopumua na taa zinazotoa joto, na kwamba mwezi Julai Anchorage haina theluji. Mwisho wa msimu kila msimamizi wa uwanja hukutana na swali lile lile: aizime mitambo na kuiyeyusha barafu ili apunguze bili ya umeme, au aiache na kukodisha saa za barafu kwa kambi za watoto na ligi za watu wazima. Ukiizima, unapoteza kodi na utalipa tena kuitengeneza. Ukiiacha, bili inakwenda hata siku ambayo hakuna mteja.

Kilichobaki ni mishahara ya makocha, tabibu wa timu, bima na ufadhili wa masomo.

Je, kufuta timu huokoa fedha zote zinazotangazwa?

Mara nyingi haziokolewi zote. Kikosi cha hoki kina wachezaji zaidi ya 25, na kwa kawaida baadhi yao hulipa sehemu ya karo kwa sababu ufadhili hugawanywa vipande vipande. Timu ikiondoka, wanafunzi hao huondoka na karo yao, na pia kodi yao ya bweni na chakula chao cha mkahawani, ilhali vitabu vya idara ya michezo vinaonyesha upande wa matumizi peke yake. Ufadhili wenyewe kwa sehemu kubwa si fedha taslimu. Ni karo ambayo chuo kinajisamehe, na darasa lenye viti vitupu haliongezi gharama kwa kumpokea mwanafunzi mmoja zaidi. Katika chuo chenye uhaba wa wanafunzi, hesabu hii inaweza kugeuza akiba kuwa hasara.

Zipo pia mipaka ya kisheria. Chuo cha Daraja la Pili lazima kiwe na michezo isiyopungua 10, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu hufanya mizani kati ya timu za wanaume na za wanawake iwe jambo la kupimwa kila timu inapofutwa au kuongezwa.

Harambee ya dola milioni 3 ilifanikiwaje?

Ilichukua karibu mwaka mzima. Muda uliowekwa awali ulikuwa hadi Februari 2021, kisha ukasogezwa hadi mwisho wa Agosti. Wachezaji wa zamani, wazazi, wafanyabiashara wa mji na mashabiki wa kawaida walichanga, na klabu ya Seattle Kraken, ambayo wakati huo ilikuwa inajiandaa kwa msimu wake wa kwanza katika NHL, ligi kuu ya kulipwa ya hoki ya Amerika Kaskazini, ilitia mkono. Lengo lilifikiwa siku za mwisho kabisa za Agosti 2021. Jimnastiki na skii, ambazo malengo yao yalikuwa madogo zaidi, nazo zilirejeshwa.

Kurejeshwa kwa jina si kurejeshwa kwa timu. Wachezaji walikuwa wameshahamia kwingine na hapakuwa na kikosi. Matt Shasby, aliyewahi kuwa beki wa Seawolves, aliajiriwa baadaye mwaka huo huo na kupewa kazi ya kusajili timu nzima kuanzia sifuri. Mechi za kwanza zilichezwa Oktoba 2022, zaidi ya miaka miwili na nusu tangu timu ilipoonekana uwanjani kwa mara ya mwisho.

Kwa nini Huntsville, ambako pia walichangisha, timu haikupona?

Kwa sababu fedha zilikuwa nusu ya tatizo. Mwaka 2020 mashabiki wa Huntsville walikusanya zaidi ya nusu milioni ya dola katika muda wa siku chache, jambo la kustaajabisha kwa timu ya hoki kutoka jimbo la Alabama, na timu ikarudishwa mwezi huo huo. Ilikuwa na historia ya kujivunia, yakiwemo mataji mawili ya Daraja la Pili, ya 1996 na 1998. Lakini haikuwa na ligi ya kuingia, na chuo kilikuwa kimesema wazi kwamba bila ligi hakitaendelea. Mwaka mmoja baadaye timu ilisimamishwa, na mpaka leo haijarudi.

Kutokuwa na ligi kuna ubaya gani?

Seawolves walikuwa katika ligi ya WCHA tangu mwaka 1993. Juni 2019 vyuo saba kati ya kumi vya ligi hiyo vilitangaza kuondoka na kuunda ligi yao. Waliobaki walikuwa Anchorage, Fairbanks na Huntsville, yaani wale watatu ambao kuwafikia kunahitaji nauli kubwa kuliko wote. Kila mmoja anaweza kuisoma orodha hiyo mwenyewe.

Tangu vyuo hivyo saba vilipoondoka mwaka 2021, timu zote mbili za Alaska ni huru, na uhuru huu una gharama. Mashindano ya kitaifa huchukua timu 16, na 6 kati yake huingia kwa kushinda ubingwa wa ligi. Timu isiyo na ligi haina njia hiyo, inabaki kutegemea nafasi 10 zinazotolewa kwa hesabu ya matokeo. Ratiba nayo huwa ngumu zaidi mwezi Januari na Februari, wakati wenye ligi wamebanwa na mechi zao. Chambo kikubwa walichonacho Waalaska ni kanuni ya NCAA inayosema kwamba mechi zinazochezwa Alaska hazihesabiwi katika kikomo cha mechi za msimu cha timu mgeni. Anayekubali kusafiri hupata mechi mbili za ziada, na wapo makocha wanaozitamani.

Kuhama kutoka Sullivan Arena kulisaidia?

Kulisaidia upande mmoja. Uwanja wa Sullivan ulikuwa na viti zaidi ya 6,000, chuo kilikuwa mpangaji tu, na watazamaji walikuwa wamepungua. Mwaka 2019 timu ilihamia ukumbi mdogo uliopo chuoni, wenye viti visivyofika 1,000. Kodi ikaondoka, lakini pia hata mechi ikijaa kabisa hakuna mapato makubwa ya mlangoni yanayowezekana. Kwa maoni ya mwandishi, uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa mwaka uliofanywa na ni kizuizi kwa miaka mingi inayofuata.

Mabadiliko ya 2025 yanaigusaje timu ndogo?

Kwa njia mbili zinazovutana. Tangu Agosti 2025 wachezaji waliopitia ligi kuu za vijana za Kanada, ambao zamani walizuiwa kwa kuhesabiwa kuwa wa kulipwa, wanaruhusiwa kucheza hoki ya vyuo Daraja la Kwanza. Vipaji vimeongezeka sokoni, na timu ndogo inaweza kumpata mtu ambaye wakubwa hawana tena nafasi naye. Wakati huo huo makubaliano ya kimahakama yaliyoidhinishwa Juni 2025 yameruhusu vyuo vinavyojiunga nayo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Kwa chuo ambacho timu yake ya hoki iliokolewa kwa mchango wa dola milioni 3, kiasi hicho si cha kushindana nacho.

Je, timu ndogo inaweza kushinda chochote cha maana?

Mwaka 1991 Seawolves, wakiwa hawana ligi kubwa nyuma yao, walikwenda Boston College kwa mashindano ya kitaifa na kushinda mechi zote mbili katika uwanja wa wenyeji. Mwaka 2014 Union College, chuo cha Schenectady chenye wanafunzi 2,200 hivi na kisichokuwa kikitoa ufadhili wa kimichezo hata kidogo, kiliifunga Minnesota 7–4 katika fainali jijini Philadelphia. Jay Beagle, aliyecheza Anchorage misimu miwili, alinyanyua Kombe la Stanley, ambalo ni kombe la mabingwa wa NHL, akiwa na Washington mwaka 2018.

Mtu anayetaka kujua hali ya timu kiangazi hiki atazame nini?

Atazame kwanza bajeti ya jimbo, ambayo gavana huisaini au kuikata kabla ya tarehe 1 Julai. Kisha atazame ratiba, hasa wikendi za Februari, kwa sababu nafasi tupu za mwezi huo ni dalili ya mapema kwamba wapinzani wanakosekana. Orodha ya wachezaji waliohama hutoka mapema zaidi, karibu na mwisho wa Aprili, na ikiwa na jina la kipa namba moja, basi simu ya kocha itakuwa na kazi hadi Agosti.